Pikapu Mbili za Mama Nyambura

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kuliko nilivyoulizwa habari za afya yangu. Mtu anasimama mbele ya gari yake, mikono kiunoni, anaitazama vile mzazi anavyomtazama mtoto aliyeleta ripoti mbaya, kisha ananigeukia: "Fundi, nitengeneze ama niuze?" Zamani walikuwa angalau wanakuja na gari yenyewe. Siku hizi nyinyi vijana mnanitumia sauti ya injini kwa simu, sekunde kumi, kuku wanalia huko nyuma, na mnataka niseme kama gasketi imeenda. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kuku wana njaa.

Nimestaafu sasa. Nimelala chini ya magari ya watu hapa Nakuru miaka thelathini na nane, na mgongo wangu una ushahidi. Kwa hiyo wacheni niwajibu wote mara moja, kwa maandishi, ili niweze kunywa uji wangu kwa amani. Itengenezwe ama iuzwe? Sijui. Hilo ndilo jibu, na limenigharimu kulipata, kwa hivyo msilidharau.

Wahenga pia hawasaidii. Walisema ya kale ni dhahabu, wakakaa kidogo, wakasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hao ni watu ambao hawakuwahi kumiliki pikapu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Barasa. Yeye na baba yangu walitoka kwetu magharibi pamoja kuja kufanya kazi ya reli, na alipochoka na reli akafungua gereji ya bati tatu na mti mmoja wa kuninginizia injini. Mzee Barasa alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata kwa mteja mkubwa: pikapu haiamuliwi ikiwa tupu, wala haiamuliwi siku ya jua. Ukimletea pikapu yako ukitaka kujua kama imeisha, atakuuliza unabeba nini. Ukisema viazi, anatafuta viazi. Ukisema mchanga, mnaenda mchangani. Siku moja tulipakia kondoo watatu wa mtu mmoja tukapanda nao hadi Mau Narok, ati tusikie giaboksi inasema nini mlimani. Mimi nilikaa nyuma na kondoo. Giaboksi haikusema kitu. Kondoo mmoja alikojolea koti langu la pekee, na Mzee Barasa akasema hiyo pia ni sehemu ya masomo.

Halafu alikuwa anasikiliza mwenye gari kuliko gari. Mtu akisema "hii takataka," alisema Mzee, huyo ameshauza moyoni, usimpotezee spana. Lakini akisema "haka kagari kangu," mtengenezee hata kama umebaki usukani peke yake, kwa sababu ukimuuzia nyingine atakulaumu mpaka kufa.

Mimi nilikuwa mwanafunzi mjuaji. Mwaka wangu wa pili, mwalimu mmoja wa kule Bahati alileta pikapu inayotoa moshi wa buluu. Nilimwangalia kwa huruma nikamwambia injini imekufa, auze. Mwalimu akakaa kwenye jiwe, akashika kichwa. Mzee Barasa akaja, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akanitazama mimi. Wiki moja kabla, mimi ndiye niliyekuwa nimeweka oili kwenye ile gari, na nilikuwa nimeijaza hadi shingoni. Tukapunguza chupa moja na nusu na moshi ukaisha. Mwalimu aliendesha ile pikapu miaka tisa zaidi, na kila akinipita barabarani alipiga honi. Nilikuwa najua ile honi inasema nini.

Sasa nimfikie Mama Nyambura, kwa sababu kusema kweli ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake.

Mama Nyambura ni wa Dundori, kule juu. Alianza na viazi, halafu akagundua kwamba majirani wake wote wana ng'ombe na hakuna hata mmoja mwenye gari. Kila asubuhi anazunguka kwenye ule mteremko, anachukua maziwa ya nyumba kama thelathini, anayashusha Nakuru kwenye tangi la kupozea kabla ya saa mbili. Ukichelewa, wanapima maziwa yako, wanatikisa kichwa, na unarudi nayo nyumbani uwape nguruwe. Kwa hiyo kazi yake yote ilisimama juu ya kitu kimoja, kufika. Watu hawakumpa maziwa kwa sababu ya sura yake. Walimpa kwa sababu hajawahi kukosa kupita.

Pikapu yake ya kwanza ilikuwa inaitwa Shosho, yaani bibi kizee. Ilikuwa nyeupe wakati fulani. Mimi ndiye fundi wake kwa miaka karibu ishirini, na katika hiyo miaka nilibadilisha kila kitu kinachoweza kubadilishwa. Udongo wa Dundori ukinyeshewa unakuwa sabuni, nyinyi mliozaliwa karibu na lami hamwezi kuelewa, lakini Shosho ilikuwa inapanda pale na mikebe imejaa, ikikohoa na kutukana, na inafika. Mama Nyambura alikuwa analipa baada ya kubishana, na baada ya kubishana alikuwa ananiachia kabeji mbili.

Akaja siku moja mwezi wa Januari. Jua kali, barabara kavu, mikebe ameiacha nyumbani. Gia ya pili ilikuwa inaruka, moshi ulikuwepo, na nilipogonga chesisi kwa nyundo karibu na springi za nyuma nikasikia sauti butu. Nikapangusa, nikaona ufa. Akaniuliza lile swali. Na akaongeza, mkono ukiwa juu ya mlango, "Haka kagari kamenisomeshea watoto, Fundi."

Mnakumbuka sheria za Mzee Barasa. Gari ilikuwa tupu. Siku ilikuwa ya jua. Na mwenyewe ameiita kagari. Hata wale kondoo wa Mau Narok wangejua jibu.

Lakini mimi wakati huo nilikuwa nimechoka na Shosho. Wacha niseme ukweli, niko mzee na sina cha kuficha tena, ama kilichobaki ni kidogo. Kila nikiingia chini ya ile gari mgongo ulikuwa unanikumbusha umri wangu. Nilitaka Mama Nyambura apate gari ya kisasa kidogo, ambayo nitakuwa nabadilishia oili nikiwa nimesimama kama bwana. Nikamwambia, "Mama, hapa tutakuwa tunashona kitambaa kilichooza. Iuze." Mgongo wangu ndio uliotoa hiyo hukumu, mdomo ulitumwa tu.

Akasema, "Wewe ndiwe daktari." Wiki haikuisha, mtu wa kupasua mbao kutoka Elburgon akaichukua, na Mama Nyambura akauza ng'ombe wawili juu yake ili apate ya kununua nyingine.

Mnajua desturi yetu. Huku kwetu mtu haendi kununua gari peke yake, anaenda na fundi wake, vile mtu anavyoenda na wazee kuposa. Na muuzaji naye anajua. Kwa hiyo ukifika yadi ya magari, muuzaji anamsalimia mnunuzi kwa mkono mmoja na kwa mwingine anamwita fundi kando, "kuja uone makaratasi." Hakuna makaratasi. Kuna chai, na si ile ya kikombe. Ukiipokea, unarudi kwa mteja wako ukisema gari ni nzuri, ina mambo madogo madogo tu. Mimi nimewahi kuinywa hiyo chai. Si kila siku, lakini sitawadanganya. Kuna jamaa mmoja wa Njoro hadi leo nikimwona mjini navuka barabara.

Siku ya Mama Nyambura nilikataa. Muuzaji aliniita mara mbili na mara mbili nikakataa, mara ya pili kwa sauti kubwa ili Mama asikie. Nilijisikia mtakatifu. Nilitembea kwenye ile yadi kifua mbele, nikikataza hii na kuicheka ile, mpaka tukafika kwa pikapu moja ya buluu, body ya nyuma ya mbao mpya, injini inanguruma vizuri.

Nikaikagua kwa bidii ambayo sijawahi kumfanyia mtu. Niligonga chesisi yote, ikalia kama kengele. Nilifungua kifuniko cha oili nikaangalia kama kuna utelezi mweupe, unaoonyesha maji yameingia. Hakuna. Nikainua viti nikanusa. Na nikafanya jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, na nyinyi lishikeni: nilivuta mikanda ya usalama mpaka mwisho kabisa. Gari ikiwahi kuingia mafurikoni, watu wataosha viti, watabadilisha zulia, lakini mkanda ukiwa umejikunja ndani unabaki na alama ya tope, na hakuna anayekumbuka kuuvuta. Nilivuta yote miwili. Ilikuwa safi, kama imetoka dukani.

Nikamwonyesha Mama Nyambura. Akaniuliza swali moja tu. "Fundi, hii wewe ungeinunua?"

"Ningeinunua leo," nikasema.

Akalipa. Tukatoka. Hatukuipakia kitu, tuliizungusha mzunguko mmoja kando ya barabara kuu, jua likiwaka, tupu.

Mvua ya Aprili ilipokuja, mambo yakaanza. Kwanza taa zilikuwa zinajiwasha. Halafu ukiwasha indiketa, waipa zinafanya kazi, na ukizima waipa, redio inafunguka. Jumapili moja honi ililia yenyewe nje ya kanisa katikati ya maombi na haikunyamaza mpaka mzee wa kanisa akatoka akachomoa betri. Mama Nyambura alinipigia simu akicheka. Nami nikacheka, nikamwambia ni fyuzi. Nikabadilisha fyuzi.

Mara ya tatu hakucheka. Pikapu ilizima kwenye mteremko na mikebe yote imejaa, na haikuwaka tena mpaka saa nne. Maziwa yakarudi. Majirani walisema si kitu, ni bahati mbaya. Ikazima tena wiki ile ile. Kuna kijana alikuwa amenunua pikipiki na kufunga mikebe minne nyuma, na nyumba tano zikaanza kumpa yeye maziwa. Halafu nyumba kumi. Mama Nyambura alikuwa anapita mbele ya lango la mtu aliyemchukulia maziwa miaka kumi na tano na lango halifunguki. Hilo alinieleza mara moja tu na hakulirudia.

Mwishowe ikaletwa kwangu ikivutwa na trekta. Nikaamua kung'oa dashibodi yote, nitafute mzizi wa maneno.

Nyuma ya dashibodi kuna waya nyingi, na mahali waya zimeunganishwa fundi hufunga na tepu. Hizi hazikufungwa kwa tepu. Zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na juu ya kila kiungo, ili maji yasiingie, kulikuwa na tone la rangi ya kucha. Nyekundu. Nilikaa pale na tochi mdomoni nikizihesabu zile nyekundu mpaka nikaacha kuhesabu.

Katika Bonde la Ufa lote, ninamjua fundi mmoja tu anayefunga waya kwa tyubu na rangi ya kucha. Chupa alikuwa anaiiba kwenye meza ya mke wake.

Wakati ziwa lilipopanda kule Naivasha likaingia mtaa wa Kihoto, magari mengi yalilala majini. Broka mmoja, dalali wa magari, akaniletea pikapu juu ya lori, nyeupe, haina namba, maji yalikuwa yamefika kwenye usukani. Aliniambia niifanye ionekane haijawahi kuona hata umande. Na mimi, kwa vile ilikuwa kazi ngumu, niliipenda. Wiki tatu. Viti nilivianika, nikaviwekea unga wa kahawa na makaa mpaka harufu ikaisha. Zulia jipya. Waya niliziosha kwa mafuta ya taa, moja moja, nikazifunga. Na nikaenda mpaka kwa wauza spea nikatafuta mikanda mipya ya usalama, kwa sababu nilijiambia, akitokea fundi mjanja, mahali pa kwanza atavuta ni hapo.

Akatokea fundi mjanja. Akavuta.

Mtaniuliza ilikuwaje nisiijue gari niliyokaa nayo wiki tatu. Nilikuwa napenda kujisifu kwamba fundi hakumbuki namba wala rangi, anakumbuka sauti. Basi walikuwa wamebadilisha injini. Rangi pia, na body ya nyuma. Broka alipoichukua sikumwuliza inaenda kwa nani. Hiyo ilikuwa sheria yangu mimi, si ya Mzee Barasa: fundi haulizi gari inaenda wapi. Inaenda kwa mtu asiyejulikana, na mtu asiyejulikana hana shida. Miaka minne mizima mtu huyo alikuwa njiani akija kwangu, na jina lake ni Mama Nyambura. Mwosha huoshwa, lakini hapa aliyeoshwa si mimi, ndiyo maana niliona aibu.

Jioni nikamweleza mke wangu, Nafula. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ile chupa ilienda huko." Halafu akaniuliza kama Mama Nyambura anajua. Nikasema bado natafuta maneno. Akasema maneno ninayo, ninachotafuta ni mlango wa nyuma.

Na kweli mlango wa nyuma ulikuwepo. Mama Nyambura alikuwa ameniachia swali lake lile lile: itengenezwe ama iuzwe? Ningemwambia auze. Tungengoja kiangazi, waya zikauke, tuioshe, tuipeleke yadi, na mtu mwingine aje na fundi wake avute mikanda. Hivyo ndivyo kila mtu anafanya. Hakuna ambaye angenilaumu, hata Mama mwenyewe angenishukuru.

Nikapanda Dundori kesho yake. Nilimkuta uani. Akaniletea chai ya maziwa matupu, nzito, kikombe kikubwa. Nikasema ni nyingi mno. Akasema, "Kunywa tu, Fundi. Maziwa siku hizi tuko nayo mengi."

Nikamwambia yote. Kihoto, broka, kahawa, mikanda, rangi ya kucha. Sikuruka kitu. Nilipomaliza, alikuwa anatazama kikombe changu.

"Siku ile ya yadi uliijua?"

"Sikuijua, Mama. Haki ya Mungu."

"Hiyo ndiyo mbaya," akasema. "Ungekuwa uliijua, ningekuita mwizi, nimalizane na wewe. Sasa nikuite nani?"

Nikaweka kikombe chini. Akaniambia ameamua. Itauzwa Jumamosi, kwenye uwanja ule watu wanakoegesha magari yao na karatasi kwenye kioo. Na mimi nitasimama karibu nayo, na kila atakayeuliza nitamwambia vile nimemwambia yeye.

Mmewahi kuuza kitu huku mkikitukana? Jumamosi ile nilisimama pale toka asubuhi. Bwana na bibi wakaja, vijana, wanapendana, pikapu imewapendeza. "Mzee, iko sawa?" Nikasema ilizama Kihoto mpaka kwenye usukani, waya zimeoza kutoka ndani, na aliyeificha ni mimi. Wakacheka. Walipoona sicheki wakaondoka wakiangalia nyuma. Wa pili akadhani ni ujanja mpya wa biashara, akatoa bei. Ilinibidi nifungue dashibodi nimwonyeshe.

Halafu kukatokea jambo ambalo sikulitarajia. Mtu wa tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiria, akaniambia, "Basi mzee, wewe ndiye ninakutafuta. Kuja uniangalilie ile ya pale." Akanipeleka kwa gari ya kijivu upande wa pili wa uwanja. Dakika tano nikamwonyesha imekatwa katikati na kuunganishwa. Habari ikazunguka. Kufikia saa saba nilikuwa nimekagua magari manne ya watu nisiowajua, wote wanataka yule mzee anayejua kuficha. Mabroka walikuja wakaniambia niende nyumbani kabla sijaumia. Sijawahi kuheshimiwa hivyo katika kazi yangu yote, na ile heshima ilikuwa inanichoma.

Niliporudi, Mama Nyambura alikuwa amekaa ndani ya pikapu yake, mlango wazi, anakula mahindi ya kuchemsha. Hakuna aliyeigusa.

"Naona biashara yako iko mzuri," akasema.

Nikasema nitarudia kesho. Akatikisa kichwa. Akamalizia hindi lake, akafuta mikono kwa leso, akaniambia, "Fundi, niliwahi kukuuliza kama ungeinunua. Ukasema leo. Basi leo imefika."

Nikainunua. Kwa bei ile ile aliyolipa yeye. Nilikuwa na akiba ya kusimamisha mashine ya kusaga nyumbani kwetu, nistaafu nikae nayo. Ikaenda, nikakaa miaka miwili zaidi chini ya magari na mgongo wangu ule ule. Ndiyo hiyo pikapu ya buluu mnayoniona nayo. Nimeitoa waya zote nikaweka mpya, na mvua ikinyesha bado inafanya inavyotaka. Siwezi kuiuza, kwa sababu nimeshaitangazia Nakuru nzima. Mkinikuta nimesimama kando ya barabara na boneti juu, piteni tu, msiniulize kama nataka usaidizi. Ugonjwa wake naujua.

Nilienda Elburgon pia. Nilifikiri nikimrudishia Shosho, angalau nitakuwa nimerudisha kitu. Niliikuta imepakiwa mbao mpaka juu, imeshonwa chesisi na kipande cha chuma cha reli, kazi ya kulehemu ni nzuri kuliko yangu. Nikamwuliza mwenyewe kama anaiuza. Akasema hata kwa dawa. Akaniambia aliipata kwa bei ya bure kwa sababu kuna fundi fulani wa Nakuru alitishwa na kaufa kadogo. Nikamwambia mafundi wa Nakuru ni watu wa hovyo. Akakubali.

Mama Nyambura alinunua nyingine baada ya miezi miwili. Sikuitwa kwenda kuiangalia. Niliambiwa alienda na fundi mwingine, mwanamke, ana gereji ndogo nyumba ya tatu kutoka kwangu. Aliipakia mikebe imejaa maji akaipandisha Dundori siku ya mvua kabla hajalipa. Nyumba zilianza kumrudia, si zote. Lile lango la miaka kumi na tano, hapana.

Halafu siku moja, karibu na kustaafu kwangu, akaja. Aliingia gerejini mwangu na hiyo pikapu mpya, akanisalimia, akaniuliza habari za Nafula. Akasema anataka kubadilishiwa oili, hiyo tu. Nilifurahi sana, sioni haya kusema. Nikaingia chini, ijapokuwa haikuwa lazima, nikaangalia kila kitu. Chesisi, waya, giaboksi, mikanda mpaka mwisho. Haikuwa na doa. Ilikuwa gari nzuri, mojawapo ya nzuri nilizowahi kuzishika.

"Iko aje?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. "Mama, hii ni nzuri."

Akashukuru, akalipa bila kubishana, hata kidogo. Akapiga stati, akatoka pole pole, na mimi nikasimama mlangoni nikimwangalia. Alienda mpaka ile gereji ya nyumba ya tatu, akasimama, akashuka, akafungua boneti, akamwita yule mama fundi aje aangalie.

Sikumlaumu. Hata mimi ningempelekea fundi mwingine.